Aliyeshuka Tura

Siku ya usajili, ukumbi wa chuo ulifurika watu hadi vibarazani. Wageni waliotoka Kigoma, Bukoba na Singida walikalia magodoro yao yaliyofungwa kamba, ndoo mapajani, wakijipepea kwa bahasha za vyeti. Joto la kabla ya mvua lilikuwa limewashika wote shingoni. Najiat binti Yahaya hakuwa na godoro wala ndoo, kwa sababu kwao Cheyo na chuoni palikuwa pua na mdomo. Alivaa baibui jeusi lililotariziwa mikononi kwa uzi wa dhahabu, na mtandio wa manjano ambao mama yake, Bi Kuluthumu, aliutoa sandukuni kwa ajili ya siku ile tu.

Katika ukoo mzima wa Fundi Yahaya seremala hapakuwa na mtu aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, na yeye alikuwa amechagua kusomea Kiingereza, lugha aliyoimudu kwa macho na kalamu lakini iliyomkimbia kila alipotakiwa kuisema mbele za watu.

Mbele yake kwenye foleni alisimama kijana wa Kihindi, mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi kali, ananukia udi kwa mbali. Karani wa usajili alikuwa mwanamke aliyekwisha kuchoka na watu tangu asubuhi.

"Jina?"

Kijana akafungua mdomo. Kidevu kikamtetemeka. "P... P... P..."

"Jina lako, baba. Watu wanasubiri."

"Pa... P..."

"Huyo mtandao umemkatikia!" sauti ikapaa kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Najiat aliiona shingo ya yule kijana ikigeuka nyekundu. Hakujiuliza mara mbili. Alichungulia cheti kilichokuwa mkononi mwa mwenzake, akasema kwa sauti, "Anaitwa Parvez Fakhrudin. Kozi yake Shahada ya Kiingereza."

Karani akaandika, akagonga muhuri. "Haya, anayefuata."

Alipomaliza zamu yake, Najiat alimkuta mlangoni akimngoja. Alitarajia ahsante.

"Nani kakutuma?" Parvez alimuuliza, macho makavu.

"Kunituma nini?"

"Kusema j-jina langu. Nilikuwa nimeshakaribia kufika."

"Ulikuwa unakaribia, bwana, sikatai. Lakini na foleni nayo ilikuwa inakaribia kukupiga."

Parvez alijitahidi kuendelea kukasirika. Pembe ya mdomo ikamsaliti, akacheka, na alipocheka uso wote ulifunguka kama dirisha.

"Na wewe u-umesajili nini?"

"Hicho hicho. Kiingereza."

"Basi nimekwisha. Utaninyang'anya maneno m-miaka yote."

"Nitakuachia machache," Najiat alisema, akashuka ngazi bila kugeuka nyuma, ingawa alitamani mno kugeuka.

Tabora si mji wa mtu kujificha. Jioni ile ile Najiat alikwisha kujua kwamba kijana yule ni mtoto wa mwisho wa Mzee Fakhrudin, mwenye duka la vitambaa mjini, duka ambalo mabibi harusi wa Cheyo wote walipitia kabla ya kupita kwa fundi cherehani. Alikuwa amelelewa kwa shangazi yake Dar es Salaam, akasomeshwa huko shule za Kiingereza, ndiyo maana Najiat hakuwahi kumwona. Na aliporudi akasema anataka kusoma lugha, baba yake alimwuliza mezani, mbele ya ndugu zake, "Lugha ipi, wewe ambaye hata moja hujawahi kuifikisha mwisho wa sentensi?"

Hayo ya mezani Parvez alimsimulia mwenyewe, wiki ya pili ya masomo, wakiwa wamekaa kwenye ukuta mfupi nyuma ya maktaba, katikati yao mfuko wa kachori ambazo Parvez alitoka nazo kwao.

"Ukamjibu nini?" Najiat aliuliza.

"Nilikuwa bado n-natafuta jibu, akawa ameshamaliza kula, kaondoka."

Najiat akacheka hadi kachori ikampalia. Parvez akampigapiga mgongoni, kisha akakumbuka wako wapi, akauondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria la moto. Wote wawili wakatazama mbele.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Asubuhi Parvez alimwekea nafasi benchi la mbele. Mchana alimrekebishia matamshi ya Kiingereza, naye Najiat akamsahihishia insha zake zilizojaa fujo. Jioni simu ya Najiat haikutulia kwa ujumbe wa maandishi. Katika maandishi Parvez alikuwa mtu mwingine kabisa: mchokozi, mwepesi, mwenye maneno matamu. "Umelala, malkia wa Cheyo?" "Leo mtandio wako umenifanya nisisikie hata neno moja la mhadhara." Lakini hakuwahi kumpigia. Najiat akipiga, simu iliita hadi ikakata, kisha ujumbe ukaingia: "Niandikie, mpenzi."

"Mbona hupokei?" alimbana siku moja. "Una mwingine unayekaa naye?"

"Nina mwingine, ndiyo. Ulimi wangu." Hakuwa anatania. "Uso kwa uso mtu ananiona n-napambana, ananivumilia. Kwenye simu anasikia kimya tu. Anasema halo, halo, anakata. Hata baba hajawahi kunisikia nikiongea kwenye simu. Tangu m-mdogo. Nikiwa Dar alikuwa anaongea na shangazi, shangazi ananiambia."

Najiat aliliona hilo kuwa jambo la kusikitisha, lakini hakulitilia maanani zaidi ya hapo. Alikuwa na hofu yake mwenyewe iliyokuwa ikimnyima usingizi. Dk. Imakulata, mhadhiri wa stadi za mawasiliano, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alikuwa ameligawa darasa wawili wawili. Kila jozi ingechagua mahali pamoja pa Tabora na kupaeleza kwa Kiingereza mbele ya darasa zima. Lazima wote wawili waseme.

"Atakayesimama peke yake," alisema Dk. Imakulata, "nitampa nusu ya alama. Ndoa ya kikazi hiyo. Mkiachana mnaumia wote."

Darasa likacheka. Najiat na Parvez, waliokuwa jozi kwa kuwa walikaa benchi moja, hawakucheka.

Walichagua Kwihara. Jumamosi walikodi bajaji, wakapita mashamba yaliyokuwa yakisubiri mvua, hadi kwenye lile tembe jekundu lenye milango ya kuchonga ambamo wazungu wa zamani walipumzika na misafara yao. Najiat alivaa dira la zambarau na ushungi mweupe. Vumbi jekundu lilikuwa limempaka hadi nyusi.

"Kila mtu ataeleza habari za wazungu waliolala humu," alisema, akipapasa nakshi za mlango kwa vidole vya mtoto wa seremala. "Mimi nataka tuwaeleze waliobeba mizigo. Wanyamwezi waliotoka hapa hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na nguo. Wale hawana chumba humu."

"Sema hivyo hivyo kwa Kiingereza."

"Nitachekwa."

"Tutachekwa wote. Mimi nitachekwa z-zaidi."

Akasema. Sentensi ya kwanza ilitoka imevunjika, ya pili ikasimama kidogo, ya tatu ikatembea. Parvez akachukua sehemu yake, akakwama katika neno la kwanza kabisa, akapiga paja kwa ngumi, akaanza upya. Walirudia na kurudia hadi mlinzi wa pale akawaletea maji bila kuombwa. Mwishowe Parvez alifika mwisho wa sehemu yake bila kuruka neno, jasho linamtiririka, akamgeukia Najiat.

"N-nakupenda," alisema kwa Kiswahili.

"Hiyo imo kwenye prezentesheni?"

"Haimo. Hiyo yako."

Najiat aliinamisha uso. Moyo ulikuwa umejaa hadi unauma. Lakini kulikuwa na swali lililokuwa likimkaa rohoni kwa siku nyingi, na akalitoa pale pale kabla ujasiri haujamkimbia.

"Parvez, nyumbani kwenu mimi wananijua kama nani?"

Parvez akainama kufuta vumbi kwenye kiatu.

"Nimekuuliza."

"Bado s-sijasema."

"Bado mpaka lini? Mama yangu anajua. Baba yangu anajua nina mtu, ananikata jicho kila nikishika simu, lakini anajua. Dini yetu ni moja. Nini unachokificha? Rangi?"

"Si mimi, Naji. Ni wao. Watu wetu hapa mjini wamebaki wachache, kila anayeoa nje baba anahesabu kama k-kafiwa. Dada yangu mkubwa alisemwa miaka kwa kumkataa tu mchumba waliyemchagulia. Nipe muda."

"Mimi si bidhaa ya magendo ya kufichwa chini ya kaunta." Akauachia ule mlango wa nakshi. "Jumanne tunasimama mbele ya darasa pamoja. Kabla ya Jumanne mwambie baba yako. Usipoweza, tukimaliza kazi ya Dk. Imakulata, kila mtu ashike njia yake."

Parvez akafuta jasho usoni. "Nitamwambia."

Walipokuwa wakipanda bajaji kurudi, gari dogo jeupe lilipunguza mwendo kando yao. Ndani yake alikuwemo mzee wa Kihindi mwenye kofia ya kufuma, rafiki wa dukani kwa Fakhrudin. Alimtazama Parvez, akamtazama Najiat, akatikisa kichwa, akapandisha kioo. Njia nzima Parvez aliangalia nyuma.

Jumapili hakuandika. Jumatatu aliandika mara moja tu: "Nimemwambia. Tutaonana kesho, usiogope."

Jumanne asubuhi Najiat alipiga pasi blauzi nyeupe na sketi ndefu ya bluu, akajitanda ushungi wa bluu, akafika darasani kabla ya wote. Viti vikajaa. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo. Revocatus, kiongozi wa darasa, kijana mwenye sauti kama kengele, akaita jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Najiat Yahaya na Parvez Fakhrudin."

Najiat alisimama peke yake. Simu ya Parvez ilikuwa imeita tangu alfajiri bila kupokewa.

"Mwenzako yuko wapi?" Dk. Imakulata aliuliza.

"Anakuja, daktari."

"Tumsubiri?"

Wakasubiri. Saa ya ukutani ilisikika. Mtu akakohoa, mwingine akanong'ona, "Bubu kamkimbia." Najiat akahisi masikio yakiwaka moto. Alikwenda mbele, akaukamata ukingo wa meza, akaanza. Kiingereza chake kilikuwa kizito, na kuna neno moja alilitamka vibaya, benchi zima la nyuma likacheka. Alilirudia. Likacheka tena. Akaendelea. Aliwasimulia wapagazi, mizigo, nyayo zilizopasuka, akafika mahali ambapo sehemu ya Parvez ilitakiwa kuanza, akanyamaza pale kana kwamba ameishiwa na barabara. Sehemu ile hakuijua. Ilikuwa ya mwenzake.

"Ahsante," Dk. Imakulata alisema kwa upole ambao ulimwumiza kuliko kicheko. "Umejitahidi. Lakini sheria ni ile niliyoisema. Nusu. Mwenzako akiwa na sababu ya maana, mje wote wawili kesho asubuhi ofisini kwangu, nitawasikiliza. Baada ya kesho sitafungua tena."

Nje, chini ya mwembe wa kantini, Najiat alipiga tena. Safari hii simu ilipokewa.

"Parvez!"

"Siye Parvez." Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, Kiswahili safi cha Tabora. "Mimi mama yake, Parin. Wewe ndiye Najiat?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Parvez amesafiri na baba yake leo asubuhi kwa treni, wanakwenda Dar. Kuna binti wa watu wetu wanakwenda kumposa. Amekubali mwenyewe. Simu kaiacha hapa."

"Amekubali mwenyewe?"

"Mwenyewe. Najua wewe ni mtoto wa watu wazuri, baba yako fundi mwenye heshima zake. Usijichoshe, mama. Soma. Utapata wako."

Kama Bi Parin angemtukana, Najiat angejua la kujibu. Alisema "Ahsante, mama," akakata simu, akabaki ameishika kwa mikono miwili. Hakulia. Alitembea kwa miguu hadi Cheyo juani, akamkuta baba yake karakanani anapiga randa, akapita moja kwa moja ndani. Bi Kuluthumu, aliyekuwa anachambua mchele, alimwona uso, akaweka ungo chini.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Mtu kaenda kuoa."

"Nani? Yule Mhindi wako?"

"Alikuwa wangu lini?" Najiat alisema, na hapo ndipo machozi yalipokuja, mengi, yenye hasira. "Wameniachia nusu, mama. Nusu ya alama, nusu ya maneno, na mimi ndiye niliyesimama pale kama kichaa nikimwambia daktari anakuja!"

Adhuhuri ilikuwa imepita simu ilipolia. Namba ngeni. Najiat, aliyekuwa amejilaza kifudifudi, aliipokea akidhani ni Revocatus.

"Halo?"

Kimya. Upepo. Kwa mbali, sauti za wanawake wakinadi asali na kuku wa kuchemsha, kisha honi ndefu ya treni.

"Halo? Nani?"

Kimya tena, ila si kimya kitupu. Kulikuwa na pumzi ndani yake, inapanda, inagonga mahali, inashuka.

Najiat akainuka akakaa. Damu ilimpanda kichwani. "Ni wewe? Umepata wapi uso wa kunipigia? Kwa nini hukuniambia tu usoni? Ungesema, Najiat, mimi siwezi, baba hataki. Ningekuelewa! Lakini umeniacha nisimame mbele ya watu wananicheka, na wewe uko kwenye treni unakwenda kuposa. Nakata simu, Parvez. Nakata."

"U... u... u..."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Bi Kuluthumu, mlangoni, alimwashiria kwa mkono: ngoja.

"U-usi... usikate."

Najiat hakukata. Alifumba macho. Kwa dakika ambazo zilikuwa ndefu kama mwezi mzima, alimsikia yule kijana akipambana na kila neno, akiangukia neno moja na kuinuka, na safari hii hakumsaidia hata kidogo, kwa kuwa alitaka kujua maneno yake yatakuwa yapi akiyafikisha mwenyewe. Na yalikuwa haya: kwamba alimwambia baba yake Jumatatu, kama alivyoahidi. Kwamba baba hakujibu kitu. Kwamba alfajiri aliamshwa akaambiwa bibi yake wa Dar yuko mahututi, treni inaondoka, avae haraka. Simu aliiacha kwenye chaji usiku, alipoitafuta hakuiona, mama akasema ataitafuta yeye. Kwamba njiani, baada ya chai, baba yake alimwambia kwa furaha kwamba bibi ni mzima wa afya, wanakwenda kumwona mchumba.

"Uko wapi sasa?"

"Tura. T-treni imesimama Tura. Nimeshuka."

"Umeshuka kununua kitu?"

"Nimeshuka, Naji. N-na begi."

Najiat akamtazama mama yake. "Mama yako kasema umekubali mwenyewe."

"S-sikukubali. Sijawahi. Simu hii ya mama mmoja muuza asali, anaitwa Mwanamkuu; namba yako ninayo kichwani. Kaniambia nikuandikie ujumbe tu, kaona navyopata tabu." Akapumua. "Nikaanza kuandika, nikafuta. Ujumbe hata mama angeweza kuuandika. Lakini s-sauti hii, hakuna wa kuiiga."

Najiat akacheka na kulia kwa pamoja, kitu kibaya kisichokuwa na sauti nzuri, hadi mama yake akaja kukaa kando yake.

Ndipo honi ikalia mara ya pili, na katikati ya honi akasikia sauti ya mzee ikiita, "Parvez! Parvez, treni inaondoka! Panda!"

"Baba yako huyo?"

"Ndiye. K-kaa hapo hapo kwenye simu."

Hakumficha baba yake, wala hakuiziba simu. Najiat alisikia kila neno.

"Unaongea na nani?" Mzee Fakhrudin alikuwa anahema.

"Na N-Najiat."

"Kwa simu?"

"Kwa simu."

Mabehewa yakaanza kugongana. Abiria madirishani walipiga kelele wakimwita mzee apande, asiachwe.

"Baba, panda wewe. Ukawape p-pole hao wa Dar. Mimi sendi. Leo nimemwacha msichana wa watu mbele ya darasa peke yake, bila kujua napelekwa wapi. Nikiendelea kukaa kwenye hiyo treni n-nitakuwa nimemwacha nikijua. Siwezi. Nataka kumwoa huyu, na nataka kusoma, na v-vyote viwili nitavifanya hata kama itanichukua siku nzima kuvisema."

Magurudumu yalizidi kasi, yakapita, yakaisha. Simu ikabaki na upepo na wauza asali.

"Baba yako?" Najiat alinong'ona.

Zikasikika nyayo kwenye kokoto. "Yuko hapa. K-kabaki."

Kisha simu ikakatika, kwa kuwa salio la Mwanamkuu lilikuwa limeisha.

Mchana ule wote Najiat hakuweza kula. Alikwenda karakanani, akamweleza baba yake mwanzo hadi mwisho, na Fundi Yahaya akamsikiliza huku ameshika randa bila kuitumia. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vumbi la mninga hadi kwenye kope.

"Wanakuja hapa?" aliuliza.

"Sijui, baba. Simu ilikatika."

"Mzee Fakhrudin namfahamu. Ni mtu wa kuketi kitini anaangalia watu wakimshushia vitambaa. Sijui kama anaweza kupanda basi la njiani." Akarudi kwenye ubao wake. "Na wewe unataka nini? Sikuulizi yeye anataka nini. Nimeshasikia."

Najiat alifungua mdomo, akagundua hajui. Asubuhi ile alikuwa amemzika yule kijana, mchana amefufuka, na ndani yake hasira na furaha zilikuwa bado zinagombania chumba kimoja.

Jua lilikuwa limeinama bajaji iliposimama mbele ya karakana. Alishuka kwanza Parvez, shati lile jeupe limekuwa la rangi ya barabara, begi begani. Akamshika mkono baba yake. Mzee Fakhrudin alikuwa amebeba vile tu alivyoshuka navyo kwenye treni, mto wa kukalia na boksi la halua lililofungwa utepe mwekundu, zawadi ya kuwapelekea wakwe wa Dar.

"Asalaam aleikum," alisema.

"Waaleikum salaam, karibu." Fundi Yahaya akafuta benchi kwa kofia yake. Najiat alimwamkia mzee, akaitikiwa kwa sauti ndogo, akasimama nyuma ya benchi la kazi. Parvez alimtazama. Yeye hakumtazama.

"Fundi, nisije nikakudanganya," Mzee Fakhrudin alianza. "Mimi sijakubali. Nimekuja kwa sababu huyu kasema anakuja hapa, na mimi sikuwa na uwezo wa kumzuia barabarani."

"Hujakubali nini?"

"Hii ndoa."

"Ndoa gani?" Fundi Yahaya alikunja uso. "Hata mimi sijakubali. Binti yangu ndiyo kwanza ameanza chuo. Nani kakwambia anaolewa?"

Wazee wakatazamana. Bi Kuluthumu, aliyekuja na birika la chai ya tangawizi, akajizuia asicheke.

"Basi tumeelewana," Mzee Fakhrudin alisema polepole, kama mtu aliyeingia duka asilolitegemea. Akapokea kikombe. Akapuliza chai. "Fundi, huyu kijana ana miaka ishirini na moja. Sijawahi kumsikia akiongea kwenye simu. Akiwa shule nilikuwa nampigia dada yangu, namwuliza, mtoto hajambo? Ananiambia hajambo. Leo nimesimama Tura kwenye jua, nimemsikia anaongea na simu, anaongea mpaka treni imeondoka." Akageuza uso pembeni. "Nilitaka kupanda. Wallahi nilitaka. Miguu ilikataa."

Parvez alipiga hatua mbele, akasimama kwenye takataka za randa.

"Najiat."

"Usiniite kwa upole," Najiat alisema, na sauti yake ikawashtua hata wazazi. "Nimesimama peke yangu leo. Wamenicheka."

"Najua."

"Hujui! Hukuwepo!"

"S-sikuwepo." Hakujitetea. "Hilo siwezi kulirudisha. Nimekuja kusema mbele ya baba yako na baba yangu kile nilichotakiwa kusema tangu m-mwanzo wa muhula. Nataka kukuoa, Najiat. Ukinikataa, nitakuwa nimekataliwa hadharani. Sitaki tena kupendwa k-kwa siri."

Najiat alimtazama sasa. Aliona midomo iliyopasuka kwa kiu, mikono yenye alama za kamba ya begi, macho yasiyokimbia. Akagundua kwamba jibu alilomnyima baba yake mchana lilikuwa limekwisha kufika lenyewe.

"Kesho saa mbili asubuhi, ofisini kwa Dk. Imakulata," alisema. "Utasema sehemu yako yote. Hata kama benchi la nyuma litaitwa lije kucheka."

"Nitasema."

"Simu yangu ikiita, utapokea. Kila siku."

"Nita..." Akameza mate. "Nitapokea."

"Na posa ije kwa mlango wa mbele, watu waione. Harusi baada ya shahada. Sisomi nusu, siolewi nusu." Akamgeukia baba yake, ujasiri ukamwishia ghafla, akainamisha kichwa. "Kama baba ataridhia."

Fundi Yahaya alipangusa kope kwa kiganja, akasema ni vumbi la mninga. "Miaka mitatu ni mingi. Mtu huonekana alivyo. Mimi nitatazama."

Wote wakamgeukia Mzee Fakhrudin. Alikuwa amelishika boksi la halua mapajani, anaupapasa ule utepe mwekundu. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Akaitoa, akapokea.

"Parin," alisema. "Hapana, hatukufika Dar. Hapana, si ajali. Tuko Cheyo." Akasikiliza kwa muda mrefu, sauti ya mkewe ikisikika hadi mlangoni. "Sijasema ndiyo. Nimesema tuko Cheyo, tunakunywa chai. Tukija nyumbani utanigombeza. Na wewe Parin, huyu msichana utamwomba radhi, ulimwambia uongo, Parvez kanieleza." Akakata, akamtazama Najiat kwa mara ya kwanza, sawasawa, machoni. "Miaka mitatu, binti. Ama nitakuwa nimekufa, ama nitakuwa nimezoea."

"Inshallah utakuwa umezoea, baba," Najiat alisema.

Neno lile, baba, lilimpata mzee mahali ambapo hakuwa amejikinga. Aliguna, akafungua utepe, akalisogeza boksi katikati ya benchi la kazi, kati ya patasi na misumari.

"Kuleni," alisema. "Itaharibika kwa joto hili."